Bei ya tenda ikishasainiwa Kenya

Swali ni kama mkandarasi wa tenda ya serikali anaweza kuongezewa bei akishasaini. Hapana, hawezi kurudi miezi mitatu baadaye aseme simiti imepanda kwa hivyo aongezwe. Kifungu cha 139 cha ile sheria ya ununuzi wa umma ya 2015 kinasema bei haipandishwi ndani ya miezi 12 tangu kusaini, na hata baada ya hapo nyongeza zote ukizijumlisha zisipite asilimia 25 ya bei ya kwanza, zikipita zinatangaziwa tenda yake kivyake. Kubadilisha kiasi nako kuna kikomo, ujenzi asilimia 20 ya kiasi cha kwanza, bidhaa na huduma 15. Nimeshika hayo mafaili miaka kadhaa, barua za "tuongezeeni kidogo" zimejaa kuliko risiti. Katazo la bei la miezi 12 lakini linataja kupandisha tu, kushusha halikutaja, ila sijaona anayeomba hiyo 😄