Sauti Ipo, Picha Hakuna: Usikimbilie Kuilaumu Kompyuta

Harusi zikipamba moto, na mimi huletewa kompyuta. Malalamiko ni yaleyale: video ya bi harusi inatoa sauti, skrini nyeusi tii. Wengi wanakuja wakiwa wameshaambiwa kadi ya picha, kile kifaa cha ndani kinachochora picha kwenye skrini, imekufa. Mara nyingi haijafa.

Huwa nauliza kwanza: video imepigwa kwa simu gani? iPhone, kuanzia iPhone 7 yenye iOS 11 ya mwaka 2017, hurekodi kwa HEVC, yaani H.265, mfumo unaobana video hadi kufikia nusu ya ukubwa wa H.264 ya zamani. Ili uitazame, kompyuta inahitaji kodeki, kile kipande cha programu kinachofumbua kilichobanwa. Programu ya video inayokuja na Windows 10 mara nyingi haina kodeki ya HEVC, kwa hiyo sauti inaisoma, picha inaishinda. Weka VLC, programu ya kuchezea video. Ni ya bure, inabeba kodeki zake yenyewe, na uipakue kwenye tovuti ya VideoLAN. Vile vifurushi vya kodeki vinavyozagaa mtandaoni mimi siviweki kwenye mashine ya mtu. Unafuata picha, unarudi na virusi.

VLC unayo na bado picha inakwamakwama au inajaa vimiraba vya kijani? Hamisha faili kutoka kwenye flashi uliweke ndani ya kompyuta kabisa, maana flashi za bei chee husoma kwa kujikongoja na video ya 4K, ile yenye picha kali na faili zito, haina subira. Hali ikibaki vilevile, ingia Tools, kisha Preferences, kisha Input / Codecs, na pale penye Hardware-accelerated decoding chagua Disable. Funga VLC, fungua tena. Kama tatizo lilikuwa draiva ya kadi ya picha, yaani programu inayoiendesha kadi hiyo, litaisha hapo. Ila kazi yote sasa inabebwa na prosesa, na kompyuta dhaifu inaweza kuzidiwa. Ikizidiwa, rudisha Automatic na usasishe draiva.

Sauti ikitangulia midomo, bonyeza K, ikichelewa, J. Kila bonyezo ni milisekunde 50.

Linaloumiza ni faili la MP4 lisilofunguka kabisa. Linganisha ukubwa wake na lile la kwenye simu. Likiwa dogo, lilikatika njiani, nakili upya. Lakini kama kamera ilizimika betri katikati ya kurekodi, ni habari nyingine. MP4 ina faharasa inayoonyesha kila picha iko wapi, na kamera nyingi huiandika mwishoni, unapobonyeza kusimamisha. Bila hiyo, video imo lakini hakuna programu inayojua ianzie wapi. Usilifute, wala usirekodi kingine kwenye kadi ya kumbukumbu ya kamera hiyo. Programu iitwayo Untrunc inaweza kulifufua kwa kuazima mpangilio wa video nzima ya kamera ileile, kwa hiyo mpigie mpiga picha akutumie kipande chochote kizima cha siku hiyo kabla hajasafisha kadi zake.