Ukifika mtoto wa tatu na kuendelea: niliyojifunza kwa saba

Mama mwenzangu uliyejifungua wa tatu au wa nne juzi juzi na sasa unajiuliza mbona kaongezeka mmoja tu lakini nyumba nzima imepinduka, hujachanganyikiwa, ni hesabu. Mi niliipiga usiku mmoja nanyonyesha huku usingizi umekata. Nyumba yenye mama, baba na mtoto mmoja ina mahusiano matatu tu: mama na baba, mama na mtoto, baba na mtoto, basi. Watoto wakiwa wawili yanakuwa 6. Wakiwa watatu, 10. Kwangu wako saba, jumla tuko 9, na ukitupanga wawili wawili unapata mahusiano 36, na siku yoyote ile utakayokuja hapa manne au matano kati ya hayo yana ugomvi. Kwa hiyo acha kujilinganisha na ulivyokuwa ukiwa na mmoja, ile ilikuwa kazi nyingine kabisa.

Watu wakisikia saba swali la kwanza ni "kazi zote hizo unaziwezaje?" Jamani kazi sio tatizo. Kazi inataka mikono, na watoto wakikua mikono inaongezeka. Kinachomaliza mtu ni kukumbuka. Nani chanjo yake imefika, nani sare imechanika kwapani, nani kalowesha nywele tu akadai ameoga, nani kesho anatakiwa aende na daftari jipya, nani kaficha barua ya mwalimu, vyote hivyo vimekaa kwenye kichwa cha mtu mmoja na huyo mtu ni wewe, na siku ukilala na homa nyumba inasimama, wa kufua yupo ila hakuna anayejua kipi kinafuliwa kwanza. Nililishtukia hili nikiwa na wa tano. Toka hapo nina kazi kubwa moja, kuvitoa vitu kichwani nikaviweka mahali pengine.

Nianze na nguo maana ndo zinatesa wengi. Chukua kalamu isiyofutika kwa maji, weka nukta kwenye lebo ya ndani ya kila nguo. Kifungua mimba nukta moja, wa pili nukta mbili, hivyo hivyo mpaka kitinda mimba nukta saba. Nguo ikimbana wa tatu ikaenda kwa wa nne huandiki jina upya, unaongeza nukta moja tu umemaliza. Na uzuri wake hata asiyejua kusoma anajua kuhesabu nukta, wangu wa sita ana miaka 5 ndo anayegawa nguo zikishakauka na hakosei, mi nakosea. Ubaya ni kwamba zikifika sita saba lebo inaonekana kama imeshikwa na ukurutu, ila nani anaangalia huko ndani?

Soksi ni habari nyingine. Sita wanaenda shule, kwa hiyo soksi 12 kwa siku, 60 kwa wiki, na nilikuwa napoteza jioni nzima natafuta pacha wa soksi. Nikanunua zote rangi moja, saizi mbili tu, wakubwa na wadogo, zinakaa kwenye beseni mbili karibu na mlango. Wa pili hataki tena, amefika miaka 14 anajiona, basi zake anajifulia na zikipotea asiniulize. Kuanzia miaka 9 hivi kila mtu anafua zake na ana siku yake imeandikwa ukutani, na siku yake ikipita ameenda na shati chafu mi sisemi kitu. Ya kwanza iliniuma kuliko ilivyomuuma yeye. Ya pili hakurudia.

Sasa dawa, hapa naomba usisome haraka haraka. Kuna usiku mmoja mtoto wangu wa nne alikuwa na homa nikampa paracetamol, ile dawa ya maji ya kushusha homa, saa tatu, nikalala. Baba yao akaamka saa tano kumsikia analia, akagusa paji la uso akaona moto, akampa tena. Hakuna aliyekosea, kila mmoja alifanya kazi yake, ila mtoto alipata dozi mbili ndani ya masaa mawili. Tulikesha tunamwangalia, nashukuru alikuwa salama, lakini paracetamol inatakiwa ipite masaa 4 mpaka 6 ndo urudie na isizidi mara 4 ndani ya masaa 24, ikizidi inaumiza ini. Toka siku hiyo kuna daftari limefungwa kamba kwenye kabati la dawa na kalamu yake. Jina, dawa, kiasi, saa. Haijaandikwa, haijatolewa, na kama huna uhakika kama imetolewa unangoja. Halafu dozi inaenda na uzito wa mtoto, hivyo ile tabia ya kusema "mpe kama aliyompa mwenzake jana" iache, wangu wawili wamepishana mwaka na nusu ila mmoja ana kilo nyingi kuliko mwenzake na wala sio mkubwa. Pima kwa kile kipimo kilichokuja na chupa, kijiko cha jikoni kila kimoja kina ujazo wake. Na aspirin watoto usiwape kabisa labda daktari mwenyewe aseme.

Kichanga wa chini ya miezi 3 akifika nyuzi 38 hapo hamna daftari wala nini, hospitali.

Magonjwa ya kuambukizana yana kalenda yake na ukiijua hutapata presha. Tetekuwanga ilivyoingia kwangu walikuwa sita enzi hizo. Alianza wa pili, akatoka malengelenge, wiki moja akapona, nikashangilia. Sikujua kwamba toka mtu aambukizwe mpaka atoke vipele ni siku 10 mpaka 21, na kwamba anaanza kuambukiza siku moja mbili kabla hata hujaona kipele. Wiki mbili baadaye watatu kwa mpigo. Hao wakapona, nikafua mashuka yote, wiki mbili tena akaanguka wa mwisho. Kifungua mimba tu ndo hakuugua kwa sababu alishaugua zamani. Wiki tano! Ningejua ningepanga, ningeomba ruhusa kazini kwa mafungu badala ya kumaliza siku zote kwa yule wa kwanza, maana nilizimaliza kweli na hao watatu walivyolala nikabaki natoa macho.

Upele, ule wa wadudu wanaochimba kwenye ngozi, ndo ulinifundisha adabu. Wawili walikuwa wanajikuna usiku, nikawapaka dawa hao wawili, wakatulia, baada ya muda ukarudi, nikapaka tena wawili, ukarudi tena. Kumbe mtu aliyeupata kwa mara ya kwanza anaweza kukaa wiki 4 mpaka 6 hajikuni na huku anao na anaambukiza. Yaani nilikuwa natibu wanaojikuna na kuwaacha wanaofuga. Siri yake ni nyumba nzima siku moja, mama, baba, kichanga kwa dawa ya umri wake, hata yule anayeapa haumwi kitu, na nguo na mashuka mliyotumia siku za karibuni yanafuliwa kwa maji ya moto siku hiyo hiyo, yasiyofulika funga kwenye mfuko wa plastiki siku kadhaa, zikipita tatu wale wadudu huwa wamekufa. Na kuwashwa kunaweza kuendelea wiki mbili tatu hata kama dawa imefanya kazi, usikimbilie kupaka kila siku ukaunguza ngozi za watoto. Chawa nao usisahau kurudia dawa baada ya siku 7 mpaka 10, maana yaliyobaki mayai safari ya kwanza yanakuwa yameanguliwa.

Niseme na hili japo wengine wanaona aibu. Wa nne na wa tano wamepishana miezi 18 kwa sababu niliamini ninavyonyonyesha siwezi kushika mimba. Kunyonyesha kunakinga kweli, lakini kwa masharti matatu kwa pamoja: mtoto hajafikisha miezi 6, damu ya mwezi haijarudi, na ananyonya maziwa ya mama tu usiku na mchana. Wangu alikuwa na miezi 9, anakula, analala usiku mzima, mi najiona nimekingwa. Shirika la Afya Duniani linashauri ukijifungua ukae angalau miezi 24 kabla ya kushika mimba nyingine, na ule mwaka nilijua kwa nini, damu ilipungua nikawa napanda ngazi nne napumzika. Nampenda huyo wa tano kufa, simjutii hata dakika moja, ila ongea na nesi wa uzazi wa mpango mapema, kabla mtoto hajaanza kula.

Halafu kuna kifungua mimba. Ukiwa na wengi utajikuta unamgeuza mama mdogo bila kujua, kwa sababu anaweza, na kwa sababu hakatai. Wangu alikuwa na miaka 11 nikamsikia anamwambia mdogo wake "we subiri mama akija atanigombeza mimi." Nilisimama mlangoni. Ni kweli nilikuwa nafanya hivyo, mdogo akimwaga maji nauliza "we ulikuwa wapi?" kwa dada yake. Tukaweka mpaka: kumtuma namtuma, ambebe mdogo wake nimalize kufua, awavushe barabara, sawa, huko ndiko kusaidiana. Ila kosa la mdogo ni la mdogo au ni langu, la kwake halihesabiwi. Na akiwa na mtihani hatumwi, awe wa kike awe wa kiume. Wa pili ni wa kiume na anaosha vyombo kama dada yake, ndugu wengine wameongea wamechoka.

Lakini sio kila kitu kinatoka kichwani kikakaa ukutani, na hapa ndo nilipoanguka vibaya. Watoto wenye kelele wanajihudumia, watakufuata mpaka chooni. Wa tatu wangu ni mkimya. Kwenye ratiba alikuwa wa kwanza kumaliza, nguo zake safi, kazi za shule tayari, nikawa namsifia kwa wageni kwamba huyu hanisumbui. Siku moja naona anatembea amekanyaga nyuma ya viatu vya shule kama kandambili, nikamgombeza kwamba anaviharibu. Akavivua. Ukucha wa kidole gumba umekuwa mweusi. Nikamuuliza toka lini vinabana, akasema toka muhula uliopita, mbona hukusema, akanijibu bila hasira yoyote, "nilikuwa nasubiri ukiwa huna kazi."

Nililia chooni siku hiyo. Muhula mzima mtoto anasubiri nisiwe na kazi, na mimi niko hapa nashangilia nukta zangu.

Kwa hiyo ratiba yangu ilibadilika. Kwanza kulala kwa zamu, wadogo wanaingia mapema kwa sababu wa miaka 3 mpaka 5 anahitaji masaa 10 mpaka 13 ya usingizi pamoja na ule wa mchana, wa shule ya msingi 9 mpaka 12, na hawa wakubwa 8 mpaka 10. Zamani niliwalaza wote kwa mpigo nikaona ndo ushindi. Sasa kila baada ya kundi moja kuingia kitandani linabaki dirisha dogo la wakubwa. Pili kila mtoto ana jioni yake moja ya kunisaidia kukunja nguo, mimi na yeye tu, wengine hawaruhusiwi kuingia hata kama kuna damu (sio kweli, damu wanaruhusiwa). Watoto saba, siku saba. Nilijaribu mwanzo kukaa nao tu tuongee, wakawa wananiangalia kama niko ofisini nawahoji. Mikono ikiwa na kazi na macho yako kwenye nguo wanaongea wenyewe. Wa nne anaongea mpira tu mwanzo mwisho, sawa. Kitinda mimba ana miaka 2, anakunjua nilichokunja.

Wa tatu jioni yake ni Alhamisi. Miezi miwili ya mwanzo hakusema chochote, tulikunja tukamaliza akaenda kulala, na mimi nilijilazimisha nisimchokonoe. Alhamisi iliyopita tumeshika shuka, yeye kona zake na mi zangu, akasema tu, viatu vimeanza kubana tena.