Swali la Lugha: XML ni "lugha ya alama" au "lugha ya programu"?

SWALI: Ninafundisha vijana kutengeneza kurasa za wavuti na faili za XML, na somo naliendesha kwa Kiswahili. Vitini vingine vinaziita HTML na XML "lugha za programu", vingine "lugha za alama". Ipi sahihi? Na tagi zenyewe, naweza kuziandika kwa Kiswahili au kompyuta itakataa? (Mwalimu, Morogoro)

JIBU: "Lugha ya programu" tuiondoe mapema. Lugha ya programu huiamuru kompyuta: jumlisha, linganisha, rudia mara kumi. HTML haijui hata mbili na mbili ni ngapi. Kazi yake ni kuyazungushia maandishi alama zinazosema kila kipande ni nini: hiki kichwa cha habari, hii aya, hiki kiungo. XML ni hivyohivyo, ila haina orodha yake ya majina. Majina unayatunga wewe.

"Lugha ya alama" iko karibu na ukweli, lakini jina hilo lina mwenyewe. Kwa Tanzania, lugha ya alama ni ile wanayozungumza viziwi kwa mikono na uso. Kenya wengi huiita lugha ya ishara. Bandika tangazo la "mafunzo ya lugha ya alama", na nusu ya watakaokuja watakuwa wamekuja kwa jambo jingine kabisa. Kwa hiyo napendekeza "lugha ya kuwekea alama". Hiyo -ea haikuja kwa mapambo. Ndiyo ileile ya kalamu ya kuandikia na kisu cha kukatia. Inaonyesha kwamba lugha yenyewe ndiyo chombo. Jina ni refu, nakubali, lakini baada ya kipindi cha kwanza mtasema "XML" tu na maisha yataendelea.

Msamiati wa ndani si mgumu kama unavyoogopwa. "Tagi" iache kama ilivyo, imeshazoeleka. "Lebo" tumezoea kuiona kwenye chupa na nguo, tena hubandikwa moja ikatosha, ilhali tagi kwa kawaida huja mbili: ya kufungua, <jina>, na ya kufunga, </jina>. Tofauti yao ni mkwaju (/) tu. Mwanafunzi aliyejifunza fungua usemi na funga usemi shuleni hahitaji maelezo zaidi. Ngeli ni I-ZI: tagi hii imefungwa, tagi hizi zimefungwa. "Matagi" yabaki mitaani.

Panapochanganya ni kati ya tagi na elementi. Elementi ni kitu kizima: tagi ya kufungua, kilichomo ndani, na tagi ya kufunga. Anayesema "futa tagi ya jina" huku akimaanisha jina lenyewe lifutwe atamfanya mwenzake afute alama na kuacha maneno. Kile kinachoandikwa ndani ya tagi ya kufungua, kwa mfano toleo="2", ni "sifa"; "toleo" ni jina la sifa, "2" ni thamani yake. Sioni haja ya "atributi" wakati sifa ipo.

Kwa programu inayosoma faili na kuivunja vipande, tumia "kichanganuzi". Neno hili linatoka mlemle katika uchanganuzi wa sentensi unaofundishwa sekondari, na hapo ndipo ningeanzia somo lenyewe. Kijana aliyewahi kuchora matawi ya sentensi ameshaelewa XML bila kuambiwa (kn ni kundi nomino, kt ni kundi tenzi, n ni nomino, t ni kitenzi):

<sentensi>
  <kn><n>Mtoto</n></kn>
  <kt><t>analia</t></kt>
</sentensi>

Elementi ya juu kabisa, <sentensi>, ndiyo mzizi, na faili moja ina mzizi mmoja tu. Ukiandika sentensi ya pili nje ya huo mzizi, kichanganuzi kitakataa. Dawa ni kuzifunika zote kwa elementi moja, kama <matini>. Na kilichofunguliwa mwisho hufungwa kwanza: <kn><n>Mtoto</kn></n> ni kosa, kwa sababu nomino haiwezi kuanzia ndani ya kundi ikaishia nje yake.

Kuna tofauti nyingine ambayo vitini vingi huifunika kwa neno moja, "sahihi". Faili inaweza kufuata kanuni za uandishi wa XML, yaani kila tagi imefungwa na kila thamani iko ndani ya alama za mtajo, na bado ikavunja kanuni ulizojiwekea, mathalani kwamba kila <sentensi> lazima iwe na <kt>. Inayofuata kanuni za uandishi naiita hati "iliyoumbika". Ndiyo, kama tunavyomsifu mtu kwamba ameumbika. Umbo limekaa mahali pake, tabia ni habari nyingine. Inayofuata pia kanuni ulizojiwekea ni hati "halali", kwa maana kuna sheria iliyoandikwa na hati inapimwa kwayo. "Sanifu" isiguse hapa.

Sasa tagi za Kiswahili. Katika HTML, hapana. Majina yamepangwa katika kiwango chake, na ukiandika <aya> badala ya <p>, kivinjari hakitalalamika, ila hakitajua hiyo ni aya, na maneno yako yataungana mstari mmoja na yanayofuata. Katika XML, ruksa. XML 1.0, iliyopitishwa na W3C, shirika linaloweka viwango vya wavuti, mwezi Februari 1998, inakubali majina katika lugha nyingi mradi yaanze kwa herufi au kistari cha chini, yasiwe na nafasi ndani, na yasianze kwa herufi "xml". Kiswahili kinapita karibu chote. Kinachokwama ni ritifaa.

<ng'ombe> si jina halali la elementi. Ritifaa hairuhusiwi humo. Andika <mnyama aina="ng'ombe"/>. Angalia alama za mtajo: lazima ziwe mbilimbili. Ukiandika aina='ng'ombe', kichanganuzi kinaona thamani imeishia kwenye "ng", kisha "ombe" inajitokeza bila nafasi wala alama ya =, nacho kinasimama hapohapo. Ukilazimika kutumia mtajo mmojammoja, ritifaa iandikwe &apos;. Kwa namna hiyohiyo "Hamisi & Wanawe" huwa Hamisi &amp; Wanawe, na alama ya < ndani ya maandishi huwa &lt;.

Tena, usiandike faili hizi kwenye Microsoft Word. Inazipinda ritifaa na alama za mtajo. Mtajo uliopinda unaivunja XML papo hapo. Katika HTML ni mbaya zaidi kwa sababu haupigi kelele: alama inamezwa kuwa sehemu ya anwani na kiungo hakifunguki. Na ritifaa iliyopinda kwa kompyuta ni herufi nyingine kabisa, kwa hiyo anayetafuta ng'ombe kwa ritifaa nyoofu anaweza asimpate hata mmoja.

Wanaofanyia mazoezi kwenye simu wana kosa lao. Kibodi hukuza herufi ya kwanza ya mstari, likawa <Kitabu> huku mwisho ni </kitabu>. Kwa XML hayo ni majina mawili tofauti. Zima ukuzaji huo kabla ya kuanza.

Kisha kuna mtego wa ngeli. Orodha ya vitabu inapendeza: <vitabu> nje, <kitabu> ndani. Lakini nyumba ni nyumba, moja au mia. Ukiandika <nyumba> ndani ya <nyumba>, kichanganuzi hakitakataa, ila swali la "nipe kila nyumba" litaleta na lile boma la nje lililozizunguka zote, na hesabu itazidi kwa moja. Maneno ya I-ZI yape <orodha-ya-nyumba>, <orodha-ya-nguo>. Binafsi ningefanya hivyo kwa ngeli zote ili wanafunzi wasikariri kanuni mbili.

Jambo moja hukuuliza, ila kurasa nyingi za Kiswahili hulikosa: tagi ya kwanza ya ukurasa iwe <html lang="sw">, na katika XML sifa ni xml:lang="sw". Si "ki", wala "tz" au "ke". Hizo mbili za mwisho ni za nchi, na zikihitajika huja baada ya lugha: sw-TZ, sw-KE. Watu wengi hunakili kiolezo chenye lang="en" na kukiacha hivyo. Programu inayomsomea asiyeona huamini sifa hiyo, nayo itasoma "pole", "wake" na "mate" kwa matamshi ya Kiingereza. Kagua vitini vyako. Kama mfano wa ukurasa wa kwanza una "en", rekebisha huo kabla ya kitu kingine chochote.