Shokapu za kujirekebisha na gari kulala kwenye kona
Umeuliza kama shokapu za kujirekebisha (zile zinazobadili ugumu wake zenyewe gari likitembea) zinazuia gari kulala kwenye kona, yaani bodi kuinamia upande, jibu ni ndiyo ila nusunusu. Zinachopunguza ni ile kasi ya bodi kulala, yaani ukikata usukani ghafla valvu zinabana oili ndani ya milisekunde chache tu na gari haliyumbi hovyo, lakini kwenye kona ndefu likishatulia litalala kiasi kilekile maana hapo kazi ni ya springi na stebilaiza (chuma kinachounganisha upande wa gurudumu la kushoto na la kulia). Raha yake mi naona ni barabara mbovu, zinalegea zenyewe, vishimo vidogo huvisikii sana. Modi ya spoti, ile inayokaza shokapu, ukiiweka muda wote utaumia mgongo bure, iache kwenye oto.