Kabla Bikoni Hazijapandwa: Nafasi ya Ibada, Msiba na Makaburi Mtaani

Kamati za urasimishaji wa makazi, yaani kupima na kumilikisha mitaa iliyojengwa bila mpango, hujadili barabara, shule na soko hadi jioni. Makaburi yakitajwa, jibu huwa "tutaona mbele". Lakini ardhi ya kuzikia na kuabudia ikishakatwa viwanja na kuuzwa, hairudi tena.

Anzeni na msiba. Jeneza lina urefu wa kama mita 2, na wabebaji wakijipanga pande zote mbili, upana wao unakaribia mita 1.7. Kwenye kichochoro cha mita 1.5 marehemu hupitishwa juu ya kuta, na wafiwa hawalisahau hilo. Daini mita 2 zilizo wazi hata kwenye njia finyu kabisa, na pembe za uzio kwenye kona zikatwe. Kisha tengeni uwanja wa kama mita 20 kwa 30, wenye kivuli na bomba la maji, unaotosha maturubai mawili na mafiga ya kupikia. Bila uwanja huo turubai hufunga barabara siku tatu, na gari la wagonjwa halipiti. Upimwe kama kiwanja cha umma chenye namba na bikoni (nguzo za mipaka) zake, kwa maana penye neno "wazi" tu kwenye mchoro huvamiwa. Mji Mkongwe wa Zanzibar una baraza za mawe zilizojengwa kwenye kuta za nyumba, na mfiwa hakosi pa kukaa na majirani zake. Hata mtaa mpya unaweza kuzijenga.

Makaburi yanataka hesabu. Ekari 1 ni mita za mraba 4,047. Toeni asilimia 40 ya njia, miti na mahali pa kusalia maiti, zinabaki 2,428. Kaburi moja pamoja na nafasi ya pembeni, mita 2.5 kwa 1.5, huchukua 3.75. Hayo ni makaburi kama 640 tu. Mtaa unaozika watu 40 kwa mwaka utaijaza ekari hiyo kwa miaka 16. Kabla ya kulikubali eneo, chimbeni shimo la mita 3 katikati ya masika. Maji yakitokea humo, tafuteni pengine: kaburi la kina cha mita 1.8 linatakiwa libaki juu ya maji kwa zaidi ya mita 1, la sivyo visima vya jirani vitachafuka.

Kibla, upande wa Makka ambao Waislamu huuelekea, nacho kiangaliwe mapema. Dar es Salaam kipo karibu kaskazini kabisa, nyuzi 1 tu kuelekea mashariki. Nairobi ni kama nyuzi 7. Kwa hiyo makaburi ya Waislamu Dar hulala mashariki-magharibi, na kiwanja kilichopimwa kwa kufuata barabara ya mshazari huacha pembetatu zisizozikika. Msikitini ni vilevile: safu hukaa upande na pembe hupotea. Kila mwenye kusali anahitaji mita 0.6 kwa 1.2, hivyo waumini 500 wanataka mita za mraba 360, kabla ya kuhesabu mahali pa udhu na viatu. Dira ya simu isitumike karibu na nondo wala gari, chuma huipotosha.

Ugomvi wa spika kati ya nyumba za ibada na majirani huanzia kwenye ramani. Nje, kila umbali unapoongezeka maradufu, sauti hupungua desibeli 6. Kutoka mita 20 hadi 80 mmepunguza 12, na anayeumwa atapata usingizi.

Kuna pia makaburi ya ukoo na miti ya matambiko iliyoutangulia mtaa. Sheria ya Tanzania ya kuhamisha makaburi, ya mwaka 1969, inataka taarifa itolewe na gharama za kufukua, kusafirisha na kuzika upya zilipwe, lakini kuyaacha yalipo ni nafuu na ni heshima zaidi. Tembeeni na wazee kabla ya mchoro wa kwanza, siyo baada yake. Kila kaburi na kila mbuyu viwekewe alama ya rangi, mpimaji avichukulie vipimo, na njia ya mita 2 ya kuvifikia iingizwe kwenye ramani itakayopelekwa halmashauri.