Korosho Yenye Ganda au Iliyobanguliwa? Kuandika Madai ya Jiwe la Kibofu

Wadogo zangu mnaoanza kitengo cha bima cha hospitali huku Mtwara, leo nawaandikia kuhusu dai la aina moja tu: jiwe la kibofu lililovunjwa kwa mrija wa kamera uliopitishwa njia ya mkojo, tumbo halijaguswa na wembe. Madai ya aina hii hayaji kila siku, na kwa sababu hiyo yakija tunayakosea.

Mwaka wangu wa pili kazini alitibiwa mgeni mmoja, fundi wa mambo ya gesi, mwenye bima ya nje. Daktari akaandika kwenye ripoti ya upasuaji: "Jiwe kubwa kama korosho, limevunjwa na kutolewa lote." Mie mtoto wa Newala nikaelewa kabisa, nikajaza, nikatuma. Dai likarudi. Wenye bima wanauliza korosho ni sentimita ngapi. Nikamfuata daktari, akanitania, "Mmakonde mzima hujui korosho?" Nikamwambia, naijua daktari, ila ni yenye ganda au iliyobanguliwa?

Pesa ilikuwa hapo hapo. Bima ile inafuata misimbo ya Marekani iitwayo CPT, yaani namba za huduma anazofanyiwa mgonjwa. Kuvunja jiwe ndani ya kibofu na kutoa vipande vyake ni 52317 kama jiwe ni dogo, chini ya sentimita 2.5. Likizidi hapo, au kazi ikiwa na matatizo, ni 52318, na malipo yanapanda. Tukafukua faili hadi chini, tukakuta karatasi ya ultrasaundi: sentimita 2.8. Kumbe lilikuwa na ganda.

Kipimo kichukueni kabla ya upasuaji. Jiwe likishavunjwa linatoka mchanga na vipande, na hakuna rula ya kupima mchanga. Siku hizi nikiona jina la mgonjwa wa jiwe kwenye orodha ya tieta, jioni yake natafuta majibu ya ultrasaundi au eksirei, na namwomba daktari aandike namba kwa mkono wake kwenye ripoti. Wengine hununa. Waacheni wanune.

Halafu kuna tamaa ya kuongeza mistari. Kijana mmoja aliniletea dai lenye kuvunja jiwe, na chini yake 52000, yaani kuchungulia kibofu kwa kamera. Sasa utavunjaje jiwe bila kuchungulia? Kuchungulia kumo ndani ya kuvunja, hakudaiwi peke yake. Wala msihangaike kutafuta namba ya leza. Maelezo ya misimbo ile yanasema jiwe limevunjwa kwa njia yoyote. Iwe leza, iwe koleo, namba ni ile ile. Ukiacha ukubwa wa jiwe, kinachobadilisha namba ni kisu: kibofu kikipasuliwa ili kutoa jiwe, mnahamia 51050.

Namba ya ugonjwa, ya orodha iitwayo ICD-10, nayo ina mitego. "Mawe kwenye njia ya mkojo" si ugonjwa wa kuandikia dai, ulizeni liko wapi. Kibofu ni N21.0, figo ni N20.0, mrija wa kutoka figo kwenda kibofu ni N20.1. Na huku kwetu Kusini mtu akikojoa damu, jambo la kwanza watu wanawaza kichocho, kwa hiyo fomu ya siku ya kwanza mara nyingi inasema B65.0. Wiki ya pili limeonekana jiwe, na hakuna aliyerudi kurekebisha. Dai linaondoka likisema kichocho juu, kuvunja jiwe chini. Hata mie ningelikataa.

Kwa wazee, tazameni kama kuna tezi dume iliyokua. Mkojo usioisha kibofuni kwa sababu yake ndio unaofuga mawe, na daktari akiwa ameandika yote mawili, nanyi andikeni yote mawili. Kwenye orodha ya Shirika la Afya Duniani tezi dume ni N40 tu, ila Wamarekani wameigawa N40.0 na N40.1, na N40 tupu wanairudisha.

NHIF, bima ya afya ya taifa, haiendi na CPT. Ina kitita chake chenye majina na bei zake, na kipya kilianza Machi 1, 2024, kwa hiyo ile nakala ya zamani iliyobandikwa ukutani ibandueni. Andikeni jina la huduma kama kitita kinavyoliita, si kama tieta inavyoliita.

Na saini ya mgonjwa! Ichukueni akiwa bado kitandani. Mzee mmoja alitolewa mpira wa mkojo asubuhi, saa nne kashapanda basi la Tandahimba, msimu wa korosho umeanza, hana muda na mtu. Nikamkimbilia stendi na fomu mkononi. Akasaini dirishani, karatasi juu ya begi la jirani yake, kisha akaniuliza kama karanga ninazo au nimebeba karatasi tu.