Tarehe za mradi mmoja zimesogea, mwengine haufuati

Waalaikum salaam ndugu yangu. Umesema una mafaili matatu ya Microsoft Project (programu ya kupanga ratiba za kazi): manunuzi, skuli ya Wete na dahalia ya Chake Chake. Nondo zimechelewa kushuka bandari ya Mkoani kwa siku 9, tarehe umeibadilisha kwenye manunuzi, lakini msingi wa Wete umebaki pale pale.

Faili la Wete halichungulii la manunuzi kila dakika. Limehifadhi anwani kamili ya faili lile pamoja na nakala ya tarehe, na nakala hiyo ndiyo ile kazi ya kijivu usiyoweza kuihariri. Hifadhi la manunuzi, fungua la Wete, nenda kichupo cha Project, bonyeza Links Between Projects. Ukiona tofauti ya tarehe, chagua mstari huo, bonyeza Accept. Wengi hukifunga kisanduku hicho kila kinapojitokeza, ratiba ikabaki na tarehe za mwezi uliopita.

Ikionyesha faili halipatikani, basi limehamishwa au limebadilishwa jina. "Manunuzi_mpya.mpp" kwa programu ni faili jengine kabisa. Bonyeza Browse ulionyeshe lilipo. Dawa hasa ni nidhamu: mafaili yote folda moja kwenye seva, wote wayafikie kwa anwani ile ile (si mmoja kupitia herufi ya diski Z: na mwengine kupitia jina la seva), na jina lisiguswe mpaka mradi uishe. Nakala za akiba ziwekwe mbali. Kuhifadhi faili juu ya jengine lenye viungo kunaweza kuyaharibu yasifunguke tena, kwa hivyo hili nakuomba ulishike sana.

Umeikubali tarehe na msingi bado haujasogea? Tatizo liko kwenye kazi yenyewe. Tangu toleo la 2010 kazi mpya huanza zikiwa Manually Scheduled (tarehe unaziweka mwenyewe), na hizo hazisukumwi na kiungo. Zigeuze ziwe Auto Scheduled, programu izipange yenyewe. Halafu tazama safu ya Constraint Type, yaani sharti la tarehe ya kazi. Must Start On huigandisha kazi. Start No Earlier Than hujiweka yenyewe ukichapa tarehe ya kuanza kwa mkono. Haizuii kazi kuchelewa, ila nondo zikiwahi kufika kazi haitawahi nazo, na mafundi watakaa bure mzigo upo. Rudisha As Soon As Possible.

Usifunge kazi na kazi ovyo kutoka faili hadi faili. Kwenye manunuzi weka kazi moja ya siku 0, "Nondo zimefika Mkoani", Wete na Chake zifungwe kwenye hiyo tu. Kama ni kazi namba 14, kwenye safu ya Predecessors (kazi zinazotangulia) ya msingi unaandika (D:\Miradi ni mfano tu, weka anwani ya folda yenu ya seva):

D:\Miradi\Manunuzi.mpp\14FS+2ed

"FS" maana yake kazi hii ianze ile ikiisha, "+2" ni kusubiri siku mbili, na hiyo "ed" ni siku za kalenda bila kujali mapumziko. Itumie pia kusubiri siku 28 za zege, maana zege hukomaa hata sikukuu.

Kalenda ndipo panaposahaulika zaidi. Kila faili lina yake, kwa hivyo 12 Januari na 7 Aprili ziingie kwenye yote matatu. Idd tenga siku zake mapema, kisha rekebisha mwezi ukiandama, siku hiyo hiyo, kila faili. Na mkipunguza saa za kazi Ramadhani, saa hizo nazo ziingie.

Mwisho tengeneza mradi mama: faili tupu, ingiza yote matatu kwa Subproject, na tiki ya Link to project ibaki pale pale usiiondoe. Kwenye Options, sehemu ya Schedule, weka tiki Inserted projects are calculated like summary tasks. Bila tiki hiyo kila mradi huhesabiwa peke yake. Ukiiweka, miradi yote mitatu inakuwa mnyororo mmoja. Soma Total Slack (siku ambazo kazi inaweza kuchelewa bila kusogeza mwisho wa mradi) ya ile kazi ya siku 0. Ikiwa 0, kila siku nondo zinayochelewa inasogeza tarehe ya kumaliza kazi yote.